Inawaka Ncha Tu

Mama alinitajia ile taa mara tatu kabla sijamsikia.

Mara ya kwanza ilikuwa mwezi wa tisa. Nilikuwa kwenye daladala la Tabata, nimesimama, mkono mmoja kwenye bomba, mwingine kwenye mkoba, simu nimeibana kati ya sikio na bega. Tulishamaliza salamu, tulishamaliza mvua, tulishamaliza kuku wa jirani wanaokula mchicha wake. Kisha akasema, kama mtu anayekumbuka kitu cha mwisho:

"Ile taa ya chumba cha cherehani siku hizi inawaka ncha tu."

"Inawaka au haiwaki, mama?"

"Inawaka ncha. Huku na huku nyekundu kama kaa la moto. Katikati hamna kitu."

Nikamwambia aite fundi, hela nitatuma. Nilipofika nyumbani nikatuma elfu 20, nikahesabu jambo limekwisha. Sisi watoto tulio mbali ndivyo tunavyotengeneza vitu vya nyumbani, kwa kubonyeza namba ya siri.

Mara ya pili ilikuwa mwezi wa kumi. Fundi amekuja, akasema, kapanda, kafungua, kabadilisha kidude, kachukua hela yake na ya nauli juu.

"Kwa hiyo imepona?"

"Inawaka saa sita usiku."

Nilicheka. Mama ana utani wake wa chini kwa chini, na nilidhani huu ni mmoja wapo. "Sasa saa sita usiku unafanya nini macho?"

"Naisubiri," akasema. Nikacheka tena.

Mara ya tatu niliuliza mwenyewe, mwezi wa kumi na moja. Akanijibu neno moja tu: "Nimeizoea."

Kwetu neno hilo si la mtu aliyeridhika. Baba alituambia amekizoea kile kikohozi, na miezi mitano baadaye tukamzika. Ningekuwa mwandishi makini kama ninavyojitangaza ningeshtuka pale pale. Lakini nilikuwa na habari ya kumalizia, mhariri ananipigia upande wa pili, nikamwambia mama haya, nitakuja Desemba.

Niseme hapa kwamba kazi yangu ni kuuliza watu maswali. Nina miaka 11 kwenye vyumba vya habari. Nimeandika habari za umeme kufika vijijini zaidi ya mara moja. Nimewahi kupiga picha ya bibi mmoja akibonyeza swichi kwa mara ya kwanza maishani mwake, kazungukwa na viongozi wanaopiga makofi, ikatoka ukurasa wa mbele na watu wakanipongeza. Sikurudi kumuuliza kama taa yake bado inawaka. Hiyo haikuwa habari.

*

Desemba nilikwenda Muheza na kazi maalumu. Sisi tuko wanne, na tuna lile kundi la WhatsApp ambalo kila familia inalo, lenye picha ya mama kwenye utambulisho na mama mwenyewe hayumo. Mle ndani tulikuwa tumejadili, na tumekubaliana, kwamba mama ana miaka 68, yuko peke yake kwenye nyumba ya vyumba vitano, na wakati umefika ahamie Dar es Salaam kwa kaka. Mimi ndiye niliyetumwa kumwambia. "Wewe ndiye mwenye maneno," kaka aliandika. Dada akaweka vidole gumba vitatu.

Njia nzima, Chalinze hadi Segera, nilikuwa napanga sentensi. Nilikuwa na tatu nzuri.

Nilipofika nikapiga magoti kidogo, shikamoo mama, marahaba mwanangu, na akanipa mkono wa kushoto.

Msomaji wa pwani ananielewa. Mama yangu hajawahi kumpa mtu mkono wa kushoto, hata kichaa wa sokoni. Ule wa kulia ulikuwa ndani ya khanga, na nilipoifunua nikakuta kifundo kimevimba, kimezungushiwa bandeji iliyoanza kuwa na rangi ya udongo.

"Umefanyaje?"

"Niliteleza."

"Lini?"

"Wiki tatu hivi. Nilikwenda nikapigwa picha. Ni ufa mdogo tu, wanasema."

"Ulitelezea wapi?"

"Humu humu ndani," akasema, na akaanza kuniuliza kama njiani nilikula.

Chumba cha cherehani kiko nyuma, dirisha lake linatazama shina la mfenesi, kwa hiyo hata mchana hakina mwanga wa maana. Baba ndiye aliyeifunga ile taa mwaka 1996, tyubu ya futi 4, akaiweka juu kidogo ya meza ili yeye asahihishe madaftari upande huu na mama ashone upande ule. Sare za shule ndizo zilizotusomesha. Sketi za bluu, kaptura za bluu, mashati meupe, kila mwaka kuanzia Novemba mpaka shule zifunguliwe Januari, cherehani haikulala. Utotoni nilipenda kulitazama gurudumu lake chini ya ile taa. Likishika kasi lilionekana kama limesimama, au linarudi nyuma. Nilidhani ni uchawi wa mama. Kumbe ni taa yenyewe: umeme wetu ukiwa wa mizunguko 50 kwa sekunde, tyubu hufifia na kupanda mara 100 katika sekunde hiyo hiyo, jicho halioni ila gurudumu linaumbuka.

Desemba hii mezani palikuwa na vipande vya kaptura mbili. Mbili.

"Wateja wako wapi?"

"Nimewaelekeza kwa yule wa stendi."

Saa moja na nusu usiku nikabonyeza swichi ya chumba kile. Ncha zikashika, nyekundu ya kuelekea chungwa, huku na huku, kama alivyosema. Katikati giza. Haikupepesa, haikujaribu, ilikaa tu hivyo. Nikasimama naitazama kama mtu anayesubiri mwingine amalizie sentensi.

"Subiri," mama akasema nyuma yangu.

Akavuta stuli kwa mguu. Kabla sijaelewa alikuwa ameshapanda, mkono mbovu ameukumbatia kifuani, wa kushoto ameunyoosha juu, vidole viwili kwenye kile kikopo cheupe kilichochomoza ubavuni mwa taa. Akakizungusha robo, akakivuta. Taa ikamwaga mwanga chumba kizima, nikaona vumbi juu ya kabati, nikaona jinsi visigino vya mama vilivyopasuka, halafu ikazima. Akakirudisha, akasubiri ncha zishike moto, akakivuta tena. Ikawaka, ikazima.

"Mama, shuka."

"Ya tatu au ya nne huwa inakubali."

"Mama, tafadhali shuka."

Akashuka. Akakaa juu ya ile stuli, anahema kidogo. "Baba yako ndiye aliyenifundisha. Stata ikiganda, unaitoa ncha zikiwa na moto. Taa inawaka bila stata. Ikishawaka haiihitaji tena."

Nikamuuliza tena alitelezea wapi. Safari hii hakunijibu. Alitazama sakafu, pale pale miguuni pake.

*

Asubuhi nilikwenda duka la vifaa vya umeme karibu na stendi. Nje ya duka kulikuwa na mzee amekaa kwenye benchi, mfuko wa vifaa miguuni, testa imechomekwa kwenye mfuko wa shati pale ambapo baba alikuwa anaweka kalamu nyekundu. Nikamwamkia, nikamweleza. Sikuwahi kumweleza mtu kitu kwa uangalifu namna ile: ncha zote mbili, haipepesi, fundi alikuja mwezi wa kumi, alibadilisha choki.

"Stata alibadilisha?"

Sikujua. Nikampigia mama. Hakubadilisha.

Mzee akasikitika kwa ulimi. "Huwa hatuanzi na choki, mwanangu. Unaanza na cha bei ndogo." Akatoa kwenye mfuko wake stata kuukuu, akafungua kile kikopo, akanionyesha. Mpaka leo nashangaa nimeishi miaka 36 chini ya hizi taa na sikujua zinavyofanya kazi.

Ndani ya tyubu hamna waya unaovuka kutoka ncha hadi ncha. Kuna gesi kidogo na tone la zebaki, ile ile ambayo wachimbaji wadogo wanakamatia dhahabu, na ukutani mwa kioo kuna unga mweupe. Kila ncha ina kiwaya kilichosokotwa. Umeme ukifika unakuta pengo la futi 4, na nguvu ya ukutani peke yake haitoshi kulivuka. Hapo ndipo stata inapoingia. Ni kichupa kidogo chenye vibao viwili vya chuma ambavyo havigusani. Kimoja kikipata joto kinapinda, kinagusa kingine, umeme unapata njia, viwaya vya ncha vinashika moto. Vikishagusana joto la mle ndani linaisha, kile kibao kinapoa, kinanyooka, kinaachia. Na pale pale kinapoachia, choki, yaani ule waya mrefu uliozungushwa kwenye chuma, inakataa mkondo usikatike ghafla. Inausukuma kwa volti nyingi kuliko zile 230 za kawaida. Huo msukumo ndio unaovuka. Mvuke wa zebaki unatoa mwanga tusiouona, unga unaugeuza kuwa ule tunaouona, na kuanzia hapo stata inalala mpaka kesho.

Taa inayowaka ncha tu, kwa hiyo, mara nyingi ni taa ambayo stata yake imegusa na haikuachia. Na mama, kwa kuitoa kwa mkono, alikuwa anafanya kile ambacho kile kibao kilishindwa. Alikuwa yeye ndiye stata.

Nikanunua mbili. Bei yake haikuzidi soda.

Nilirudi nyumbani na furaha ya mtu mwenye jibu, na jioni nikapanda mimi, nikaweka mpya. Ncha zikashika, zikaachia. Taa ikaruka. Ikaruka tena. Ikapepesa kama mtu mwenye mchanga jichoni, na haikukaa. Dakika tano, kumi. Nikaweka ile ya pili, hivyo hivyo.

"Tyubu imezeeka," nikasema, kwa sababu sasa nilikuwa fundi. Ncha zake kweli zilikuwa zimeanza weusi. Sebuleni tuna taa ya urefu huo huo, na ilikuwa inawaka vizuri usiku huo huo. Nikaichomoa tyubu yake, nikailetea chumba cha nyuma. Ikapepesa, ikagoma. Ile ya mama nikaipeleka sebuleni, na haikumaliza hata sekunde mbili: ikawaka kote, na weusi wake wa ncha.

Nilikaa sakafuni pale sebuleni nikiitazama. Tyubu nzima. Stata mpya. Umeme wa nyumba moja, saa moja. Lililobaki lilikuwa lile kasha lenyewe, na kidude ambacho fundi alikiweka kwa hela yangu.

*

Hatukulifungua usiku ule. Mama alikataa nisifungue waya gizani, na alikuwa na haki. Tukakaa chumba cha cherehani kwenye ule mwanga wa kupepesa, yeye kwenye stuli, mimi kwenye kiti cha baba, tukiisubiri. Alinieleza, kama mtu anayeeleza tabia za mgeni, kwamba kuanzia magharibi mpaka saa nne umeme wa mtaa wetu unakuwa mdogo, watu wamewasha kila walicho nacho, friji, pasi, majiko, na sisi tuko mwisho wa laini. Wakianza kulala unapanda. Ndiyo maana ya saa sita usiku. Halikuwa utani hata kidogo.

Zamani, kabla ya fundi, ilikuwa anazungusha stata mara moja taa inakubali, hata magharibi. Baada ya fundi ikawa mara nne, mara tano, na ikizima katikati ya mshono anapanda upya. Alisema hivyo bila kulalamika. Mimi ndiye niliyefanya hesabu. Ile elfu 20 ndiyo iliyokuwa inampandisha kwenye stuli mara tano kwa usiku.

"Kwa nini hukusema umeanguka?"

Taa ikaruka, nikaona uso wake, ikazima, sikuuona.

"Wamekutuma, si ndiyo?" akasema.

Nilikuwa na zile sentensi tatu. Hata moja haikuja.

"Mdogo wako wa mwisho hajui kuficha. Aliniuliza kwenye simu kama napenda chumba chenye dirisha la barabarani." Akacheka kidogo. "Ningesema nimeanguka, mngekuja na gari la mizigo. Mngekuja wote wanne, mmevaa vizuri, mnanibembeleza. Nisingeweza kuwakatalia wote wanne."

"Kaka anakutakia mema."

"Najua ananitakia mema. Nimemzaa." Akanyamaza. "Kule kwake nitakaa nafanya nini? Nitakaa sebuleni natazama tamthilia za Kituruki, mke wake anaogopa kuniambia nipunguze sauti. Hapa watu wanagonga. Wanagonga kwa sababu ya kaptura, lakini wanagonga."

Sikumjibu. Ningependa kuandika kwamba nilimwambia jambo la busara. Niliuliza kama mkono unauma, akasema usiku tu. Saa tano na dakika kumi hivi taa ikapepesa mara mbili na ikakaa. Ilikuwa na mwanga mfifu kuliko wa sebuleni, sasa niliuona wazi. Mama akainuka, akachukua moja ya zile kaptura, akaigandamiza mezani kwa kiwiko cha mkono mbovu, akaanza kutoa mshono wa tumbuu kwa mkono wa kushoto.

*

Asubuhi nilizima meni swichi, nikajaribu swichi zote za nyumba kuhakikisha, kisha nikafungua kasha la taa kwa bisibisi ya mama ya cherehani. Choki ilikuwa imekaa pale na vumbi la mwaka mwingine kabisa, ni wazi ilitolewa kwenye taa nyingine kabla ya kuja kwetu. Ubavuni ilikuwa na maandishi madogo. Nikayasoma. Kisha nikaenda sebuleni, nikafungua kasha la kule, nikasoma na ile.

Ya sebuleni: 36/40W. Ya mama: 18/20W.

Hapo ndipo palipokuwa na shida yote, imeandikwa. Choki ya taa ya futi 2 imefungwa kwenye taa ya futi 4. Inapitisha mkondo mdogo kuliko ambao tyubu ndefu inauhitaji, na umeme wenyewe ukishapungua jioni, hakuna kinachobaki cha kuvukia. Usiku wa manane umeme ukipanda, inavuka kwa shida na kuwaka kwa ufifi. Mimi ninayelipwa kusoma, ninayewakaripia wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo kwa kutosoma nyaraka mpaka mwisho, ningelijua hili mwezi wa kumi kama ningekuja na kupanda kiti.

Mzee wa benchi alikuja Jumatatu na choki inayostahili. Hakumlaani mwenzake. "Pengine ndiyo aliyokuwa nayo," alisema. "Kuna vijana wanaona choki ni choki." Alifunga kwa dakika kama ishirini, akasugua na vile vishikio vya tyubu ambavyo vilikuwa na kutu, akaniambia nibonyeze. Ilikuwa saa moja usiku, saa mbaya kuliko zote. Ikaruka mara moja, ikakaa.

Mtaniuliza, kama kaka alivyouliza, kwa nini hatukung'oa yote tukaweka LED. Nilikuja nayo! Nilinunua balbu ya LED Kariakoo, iko kwenye droo ya mama, ndani ya boksi lake. Tuliijaribu kwenye holda ya ukutani siku ile ile ya kwanza, akashona chini yake mistari miwili akaizima. Balbu inamulika kutoka sehemu moja, kivuli cha mkono wake kinaangukia pale pale sindano inapoingia. Taa ndefu inamulika kutoka futi 4, mkono hauwezi kuziziba zote. Sikuwahi kufikiria kivuli cha mkono. Mzee alisema tyubu ndefu za LED zipo, na siku moja itabidi, na ni kweli. Nchi zilizo kwenye Mkataba wa Minamata, ule wa zebaki, zilikubaliana Geneva mwaka 2023 kwamba utengenezaji na biashara ya kimataifa ya tyubu hizi viishe kufikia mwisho wa mwaka 2027. Zimeuzwa tangu mwaka 1938. Mama aliposikia akaniomba nimnunulie tyubu nne za akiba, nazo sasa ziko chini ya kitanda chake, zimefungwa kwenye khanga kama watoto. Na ile iliyovunjika zamani ya uani nilimkataza kuigusa kwa mikono mitupu.

Usiku wa mwisho niliandika kwenye kundi: "Taa ya mama imepona."

Kaka akajibu: "Na lile suala letu?"

Nikaandika: "Tatizo lilikuwa choki." Akaniwekea alama ya kuuliza, ipo mpaka leo. Simlaumu. Ana hoja, na ni nzuri kuliko yangu: mama ameshaanguka mara moja peke yake, na safari ijayo huenda kusiwe na kitu cha kubadilisha. Nililala nikiwaza hivyo na niliamka nikiwaza hivyo. Asubuhi, kabla ya basi, nikaichukua ile stuli nikaipeleka kwa jirani, nikamwambia hata akiombwa asiitoe. Jirani akanitazama kama namdhalilisha mama yangu. Pengine nilikuwa namdhalilisha.

Wiki iliyopita mama alipiga. Niliipokea nikiwa ofisini, nikatoka ukumbini, nikakaa kwenye ngazi. Tukamaliza salamu, mvua, kuku. Mkono sasa unafunga vifungo. Wateja wawili wamerudi kutoka kwa yule wa stendi.

"Ila ile ya sebuleni nayo imeanza," akasema.

"Imeanza vipi? Inapepesa au imetulia?"

"Inapepesa."

"Ncha zote mbili zinashika, au moja?"

"Ngoja nikatazame."

Nikasikia simu inawekwa mezani, halafu kiti kinaburuzwa sakafuni.

"Mama!" nikaita. Mtu aliyekuwa anapanda ngazi akageuka. "Mama, usipande!"

Ilichukua muda.

"Nakaa," sauti yake ikasema kwa mbali. "Nimekaa, naitazama. Moja tu ndiyo inayoshika. Hii ya upande wa mlangoni."